Milimita 3.1: Ugonjwa wa Kawasaki, mshipa wa moyo na magamba ya soriasisi kwa mtoto wa miaka miwili

Kwenye faili la mtoto huyu kuna karatasi ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya siku ya 9 ya homa. Imeandikwa kwa mkono: "LAD 3.1 mm, kawaida." Maneno hayo yangekuwa sahihi kama aliyelala kitandani angekuwa baba yake. Kwa mtoto wa kilo 12 mwenye urefu wa sentimita 87, LAD, yaani tawi la mbele la mshipa wa kushoto wa koronari (mishipa inayolisha moyo), hutarajiwa kuwa na upana wa kama milimita 1.8. Mshipa ulikuwa umekwisha kututumka, na siku mbili zikapita kabla mtu hajaichukua karatasi ile na kuuliza mtoto ana uzito gani.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia kwenye ugonjwa wa Kawasaki, mchochota wa mishipa ya damu wa watoto, hivyo asitafutwe mtoto fulani ndani yake. Dozi na viwango ni vile vinavyotumika wodini.

Siku nane za mwanzo

Mtoto wa kiume, miaka 2 na miezi 4, chanjo zote amepata, ikiwemo surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Siku ya 1 homa ilipanda hadi 39.4. Siku ya 2 alipelekwa zahanati, kipimo cha haraka cha malaria kikawa hasi, akapewa amoksilini na parasetamoli. Siku ya 4 mama aliona kinena kimewiva na ngozi inabanduka. Jibu lilikuwa fangasi, akapewa mafuta ya Whitfield. Siku hiyohiyo macho yalikuwa mekundu. Siku ya 5 vipele vilitoka mgongoni na tumboni, ikaandikwa mzio wa amoksilini, dawa ikasimamishwa na akaongezewa ya mzio. Siku ya 7, kituo cha afya, macho mekundu pamoja na vipele vilileta jina la surua, damu ikachukuliwa. Siku ya 8 alikataa kukanyaga chini. Viganja na nyayo vilikuwa vimevimba kama vimejazwa maji, midomo imepasuka inatoa damu. Hapo ndipo alipolazwa.

Kila jina kati ya hayo lilikuwa na sababu yake. Fangasi ya kinena ipo, mzio wa amoksilini upo, surua ipo. Tatizo ni kwamba ngozi ilipewa majina matatu ndani ya siku nne, na hakuna aliyeyapanga kwenye mstari mmoja akaona kwamba yote yanatokea juu ya homa moja isiyokatika.

Yakipangwa yanasomeka hivi. Wekundu wa kinena unaobanduka mapema, kabla vidole havijaanza kubanduka, ni dalili ya Kawasaki inayojulikana sana kwa wanaowaona watoto hawa mara kwa mara. Fangasi ya nepi huwa na vipele vidogo vya pembeni vilivyotawanyika kama visiwa na hukaa hasa kwenye mikunjo. Hapa hakukuwa na visiwa, ni eneo moja lililowiva na kuchubuka kwa vipande vikavu. Macho yalikuwa mekundu yote mawili, bila usaha, na kuzunguka mboni palibaki duara jembamba jeupe. Surua huja na makamasi, kikohozi na machozi. Mtoto huyu alikuwa na pua kavu. Mzio wa dawa unaweza kuleta vipele na homa, lakini hauvimbishi viganja na kupasua midomo huku ulimi ukiwa mwekundu wenye vinundu.

Halafu kuna bega. Karibu kila mtoto wetu ana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na kovu hilo ni kipimo ambacho hakinunuliwi. Kwenye Kawasaki, hasa kwa wadogo, linaweza kuwiva upya, kuvimba na kuota kigaga miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, baada ya chanjo. Japani, nchi inayochanja BCG na yenye wagonjwa wengi kuliko nyingine, iliuweka wekundu wa kovu ndani ya vigezo vyake vya utambuzi mwaka 2020. Kovu la mtoto huyu lilikuwa jekundu lenye kigaga siku ya 8. Muuguzi aliliandika kwenye fomu ya kulazwa. Hakuna aliyelitaja tena hadi siku ya 11.

Kwa ngozi nyeusi kuna ugumu wa ziada. Vipele vya Kawasaki havina umbo moja: vinaweza kufanana na surua, na mabaka ya mzio yaliyovimba, au na wekundu uliotandaa. Juu ya weusi, wekundu huo huonekana kama kivuli cha kahawia au zambarau na hupita machoni. Tazama viganja, nyayo, midomo, ndani ya kope, na huo mkunjo wa kinena. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha watoto weupe.

Vigezo na pale vinapopungua

Vigezo vya kawaida ni homa ya siku 5 au zaidi, pamoja na dalili 4 kati ya 5: macho mekundu yasiyo na usaha, mabadiliko ya midomo na kinywa, vipele, mabadiliko ya mikono na miguu, na tezi ya shingo ya sentimita 1.5 au zaidi, kwa kawaida upande mmoja. Mtoto huyu alikuwa na nne za kwanza kufikia siku ya 8. Tezi hakuwa nayo, na haikuhitajika.

Wengi huwa na dalili mbili au tatu tu, na hawa ndio wanaochelewa. Kwao, vipimo vya damu vya mchochota, yaani CRP ya 30 mg/L au zaidi, au ESR ya 40 au zaidi, vinafungua mlango wa vipimo vingine: upungufu wa damu, chembe sahani (zinazogandisha damu) 450,000 au zaidi baada ya siku ya 7, albumini (protini ya damu) ya 30 g/L au chini, ALT (kipimo cha ini) iliyopanda, chembe nyeupe 15,000 au zaidi, na chembe nyeupe 10 au zaidi kwenye mkojo. Vitatu vikitimia, mtoto anatibiwa. Eko ikionyesha mshipa uliotanuka, hakuna haja ya kuvihesabu.

Majibu ya siku ya 8: Hb (kiwango cha damu) 8.9, chembe nyeupe 19,400, chembe sahani 512,000, CRP 142, ESR 96, albumini 27, ALT 88, chembe nyeupe 20 kwenye mkojo. Kwa mkojo huo alipewa antibiotiki ya seftriaksoni kwa jina la maambukizi ya njia ya mkojo. Uoteshaji haukuotesha kitu. Chembe nyeupe hizo hutoka kwenye mchochota wa mrija wa mkojo, hazisababishwi na bakteria. Hii ni njia ya nne ya kupotea, na inawapotosha hata wazoefu.

Ugonjwa wa watoto unaofuata UVIKO-19 ulifikiriwa, maana dalili zinaingiliana. Huo huwapata zaidi watoto wakubwa, tumbo huuma sana na chembe sahani mara nyingi huwa chini. Hapa zilikuwa zinapanda.

Kwa nini 3.1 ni nyingi

Kawasaki ni mchochota wa mishipa ya damu ya ukubwa wa kati, na mishipa inayolisha moyo ndiyo inayoumia zaidi. Jina ni la daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki wa Tokyo, aliyechapisha taarifa ya watoto 50 mwaka 1967. Halihusiani na pikipiki. Ukuta wa mshipa huingiliwa na chembe za kinga, nyuzi zinazoushikilia hukatika, na msukumo wa damu huutanua. Mshipa uliotanuka huitwa aneurizimu. Bila matibabu, kama robo ya watoto huishia hapo. Imunoglobulini, yaani kingamwili za dripu, ikitolewa ndani ya siku 10 za homa, idadi hushuka hadi kama 4 kati ya 100.

Upana wa mshipa wa mtoto hausomwi kwa milimita peke yake. Hubadilishwa kuwa alama Z, yaani umbali kutoka wastani wa watoto wenye eneo la mwili kama lake. Eneo hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa urefu, kugawa kwa 3600, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 12 × 87 ÷ 3600 ni 0.29, na kipeuo chake ni 0.54. Kwa fomula ya Boston, LAD ya mtoto wa 0.54 ina wastani wa milimita 1.78, na kila hatua moja ya Z ni kama milimita 0.25. Kwa hiyo 3.1 inakuwa Z ya 5.2.

Chini ya 2 ni kawaida. Kuanzia 2 hadi chini ya 2.5 ni kutanuka tu. Kuanzia 2.5 ni aneurizimu ndogo, kuanzia 5 ya kati, na kuanzia 10, au milimita 8 kwa mtoto yeyote, ni kubwa sana. Fomula ziko kadhaa na hazitoi namba moja, hivyo mtoto afuatiliwe kwa fomula ileile mwanzo hadi mwisho. Aliyezoea kupima mioyo ya watu wazima hana sababu ya kushtuka akiona 3.1, kosa ni la fomu isiyokuwa na nafasi ya uzito na urefu. Ombi la eko likiandikwa "homa, angalia moyo" hurudi na majibu ya nguvu za moyo na valvu, na koronari hutajwa kwa neno moja. Andika: "Kawasaki inashukiwa. Pima mshipa mkuu wa kushoto, LAD na mshipa wa kulia kwa milimita. Uzito, urefu." Mtoto atulizwe, maana anayelia hapimiki.

Siku ya 11

Homa ilikuwa bado ipo na CRP 150, hivyo imunoglobulini ilitolewa ingawa siku 10 zilikuwa zimepita. Kikomo cha siku 10 si mlango unaofungwa. Mtoto mwenye homa au aneurizimu, akiwa na CRP ya juu, bado anatibiwa.

Dozi ni gramu 2 kwa kilo, mara moja, kwa saa 10 hadi 12. Kwa kilo 12 ni gramu 24. Kwa dawa ya asilimia 10 ni mililita 240. Ilianza kwa mililita 7 kwa saa katika nusu saa ya kwanza, 14 katika nusu saa ya pili, kisha 22 hadi mwisho. Joto, mapigo na presha vilipimwa kila dakika 15 mwanzoni. Moyo wenye mchochota haupendi kujazwa maji haraka, na mtoto huyu alikuwa na mapigo 168 hata homa iliposhuka. Kabla ya kufungua chupa, damu ya vipimo vya kingamwili, ikiwemo ya surua, iwe imeshachukuliwa: dawa hii ni kingamwili za watu maelfu na itachafua majibu. Baada yake ESR haina maana, kwa kuwa dawa yenyewe huipandisha, tumia CRP. Hb irudiwe baada ya siku mbili tatu kwa mwenye kundi A, B au AB, maana chembe nyekundu zinaweza kuvunjwa. Imunoglobulini na aspirini zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye friji ya famasi ni mambo mawili. Gramu 24 zikihitaji kukusanywa mjini, simu ianze kupigwa siku ya kushuku, majibu yote yasisubiriwe.

Kwa sababu Z ilikuwa zaidi ya 2.5 tangu mwanzo, aliongezewa steroidi ya prednisoloni 2 mg kwa kilo, yaani 24 mg kwa siku, baada ya kuulizwa kama nyumbani kuna mwenye kifua kikuu na kupigwa picha ya kifua. Aspirini ilianza kwa dozi ya kati: kidonge kimoja na nusu cha 75 mg mara nne kwa siku, kama 37 mg kwa kilo kwa siku. Homa ilikatika siku ya 12, haikurudi saa 36 baada ya dripu kuisha, na siku ya 15 aspirini ilishushwa hadi nusu kidonge mara moja kwa siku.

Hapa jambo moja liliokolewa na muuguzi. Alipofungua begi la mama aliliona kopo la mafuta ya Whitfield, ambayo bado yalikuwa yanapakwa kinenani. Mafuta hayo yana asidi ya salisiliki ya asilimia 3. Ngozi iliyochubuka ya mtoto mdogo huipitisha, na mtoto huyo tayari anakunywa aspirini, ambayo nayo ni salisileti, kwa dozi ya kupambana na mchochota. Kutapika, kupumua haraka na usingizi mzito kwa mtoto wa namna hii vingeweza kusomwa kama moyo unaoshindwa. Kopo likaondolewa, vaselini ikachukua nafasi.

Mshipa unakua homa ikiwa imekwisha

Homa kukatika huleta furaha ya mapema. Siku ya 15 LAD ilikuwa 3.9, Z 8.3, na mshipa wa kulia 2.9, Z 3.5. Siku ya 19 LAD ilifika 4.6, Z 11.1: aneurizimu kubwa sana, ingawa kwa milimita bado iko mbali na 8. Mwenye aneurizimu apimwe angalau mara mbili kwa wiki hadi ukubwa usimame.

Chembe sahani zilikuwa 980,000. Mshipa mpana wenye damu inayozunguka polepole, ukuta uliojeruhiwa, na chembe sahani zikiwa kileleni, vyote hukutana wiki ya 2 hadi ya 4. Vifo vya Kawasaki hujazana kati ya siku ya 15 na ya 45, mtoto akiwa haonekani mgonjwa tena. Bonge la damu likiziba, mtoto wa miaka miwili hashiki kifua. Hutapika, hupauka, hutokwa jasho, hulia bila kunyamazika au hushika tumbo. Wazazi waliambiwa dalili hizo kwa maneno hayohayo, na kwamba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanyike kabla ya kuandikiwa dawa ya tumbo.

Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ilianza siku ya 19, 1 mg kwa kilo kila saa 12, pamoja na nusu kidonge ya aspirini. Sindano iliyojazwa kiwandani huwa na 40 mg ndani ya mililita 0.4, na alama zake hazikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa kilo 12. Njia rahisi ni sindano ya insulini ya yuniti 100: mililita 0.12 ni yuniti 12, na kwa ujazo huo yuniti 12 ni 12 mg. Mama alionyeshwa mstari wa 12, akauwekea alama ya rangi ya kucha.

Magamba

Siku ya 16 ncha za vidole zilianza kubanduka kuanzia chini ya kucha, kwa karatasi pana. Hilo lilitarajiwa. Siku ya 24 mama alimwambia daktari wa zamu: "Daktari, huu si ule upele wa mwanzo." Alikuwa sahihi. Viwikoni, magotini, kichwani na kinenani palikuwa na mabaka yenye mpaka dhahiri, kingo zikionekana kama zimechorwa, juu yake magamba meupe makavu, chini yake rangi ya zambarau iliyokolea. Gamba moja lililoinuliwa kiwikoni liliacha vitone vya damu.

Mbanduko wa Kawasaki huacha ngozi laini na nzima chini yake. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoota magamba, huacha bamba nene lenye mpaka. Mtoto mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, mikononi hasa, na ndivyo ilivyokuwa. Kutokwa na mabaka ya aina ya soriasisi wakati wa Kawasaki au wiki chache baadaye ni jambo lililoripotiwa mara nyingi kiasi cha kutosha kulitarajia. Baadhi yao hubaki na soriasisi ya kudumu. Wengi mabaka huisha na hayarudi.

Katika kisa hiki kulikuwa na mshtakiwa wa pili. CRP ilirudi kawaida siku ya 17, na prednisoloni ikaanza kushushwa kwa hatua za siku tano. Mabaka yalitoka ilipokuwa 12 mg. Soriasisi inajulikana kwa kulipuka steroidi ya kunywa inaposhushwa au kukatwa ghafla, wakati mwingine kwa vijipu vya usaha mwili mzima. Je, ni Kawasaki au ni kushuka kwa dawa? Kwa mtazamo wetu swali hili halina jibu la uhakika, na halikuhitaji jibu ili kufanya uamuzi: dozi ilibaki 12 mg kwa siku tano zaidi, kisha ikashushwa polepole kuliko mpango wa mwanzo. Kuipandisha kwa ajili ya ngozi kungekuwa kosa, maana kila kupanda kunanunua kushuka kwingine.

Tangu hapo kila dawa ya moyo ilipimwa pia kwa ngozi, na kila dawa ya ngozi kwa moyo. Kwa moyo, aneurizimu kubwa huwafanya wengine waanzishe kizuia-beta kupunguza kazi ya moyo. Dawa za kundi hilo huamsha soriasisi. Mtoto hakuwa na dalili ya moyo kukosa damu, ECG ilikuwa safi, hivyo haikuanzishwa. Ingekuwapo dalili, ngozi ingevumilia. Kwa ngozi, methotreksati ilitajwa na ikakataliwa, kwa kuwa aspirini huizuia kutoka kwenye figo na sumu yake hupanda. Infliksimabu hutibu soriasisi na hutumika kwa Kawasaki iliyokataa imunoglobulini, na kwa karatasi inaonekana kama jibu la pande zote. Lakini dawa hiyohiyo inajulikana kuleta mabaka ya soriasisi kwa wasiokuwa nayo, na huamsha kifua kikuu kilicholala. CRP ikiwa kawaida na mshipa umesimama kwenye 4.6, hakukuwa na cha kuhatarisha. Siklosporini iliwekwa akiba: inafanya kazi pande zote mbili, lakini presha na figo lazima vipimwe.

Ngozi ilitibiwa kwa vitu vya kawaida. Vaselini mara tatu kwa siku, mara moja baada ya kuoga kabla ngozi haijakauka. Betamethasoni ya asilimia 0.1 kwenye viwiko na magoti mara moja kwa siku, wiki mbili. Haidrokotisoni ya asilimia 1 kinenani, siku saba. Kipimo ni ncha ya kidole: krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha mtu mzima inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Tyubu za mchanganyiko wa steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki, zinazouzwa dukani bila kuulizwa, hazifai kabisa chini ya nepi. Magamba ya kichwa yalilainishwa kwa mafuta ya kawaida usiku na kuoshwa asubuhi. Hayakukwanguliwa.

Sababu za kutokwangua ni mbili. Mtoto yuko kwenye aspirini na enoksaparini, na kwaruzo dogo linatoa damu muda mrefu. Pili, soriasisi hufuata jeraha: palipotobolewa au kubanduliwa plasta, baka jipya huota. Kufikia siku ya 28 kulikuwa na mstari wa magamba mahali pa kanula ya kwanza. Kwa hiyo sindano za enoksaparini zilizungushwa mapajani na tumboni kwa ramani iliyochorwa kwenye daftari, kila mahali kwa zamu, mbali na mabaka, na damu ya vipimo vyote ilichukuliwa kwa mtobo mmoja. Kucha zilikatwa fupi.

Warfarini na mapunye

Baada ya wiki sita enoksaparini ilibadilishwa kuwa warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha nguvu yake, ikilengwa kati ya 2 na 3. Mwezi wa tatu INR ilishuka hadi 1.4 bila dozi kubadilika. Nyumbani hakuna aliyekosa kidonge. Mtoto alikuwa amepelekwa duka la dawa kwa magamba ya kichwa, yakaitwa mapunye, akapewa dawa ya fangasi ya griseofulvini, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Ingekuwa dawa nyingine za fangasi, flukonazoli au jeli ya mikonazoli ya kinywani, INR ingepanda na mtoto angetokwa damu. Mapunye huacha nywele zimekatika kwenye mabaka yenye upara. Soriasisi huacha nywele zikipita katikati ya gamba. Griseofulvini ilisimamishwa, enoksaparini ikarudi kwa siku sita hadi INR ilipofika 2.3. Bila kipimo hicho cha kila wiki mbili, mtoto angekaa na aneurizimu ya Z 10 bila ulinzi, sababu ikiwa kichwa kinachowasha.

Kadi ya mtoto sasa ina maneno haya kwa kalamu nyekundu: hakuna ibuprofeni, maana huziba njia ya aspirini kwenye chembe sahani, akipata tetekuwanga au mafua makali, au akikutana na mwenye tetekuwanga, piga simu siku hiyohiyo, maana aspirini itabadilishwa kwa hofu ya ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo, hakuna kidonge wala mafuta ya ngozi kutoka dukani bila kuonyesha kadi. Chanjo hai za surua-rubela, hata ya kampeni, na tetekuwanga zisubiri miezi 11 tangu imunoglobulini, kwa sababu kingamwili alizopewa zitaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Chanjo nyingine ziendelee.

Mwezi wa sita mabaka yalikuwa yameisha, yamebaki madoa meusi viwikoni ambayo mama aliyadhani ni ugonjwa unarudi. Ni rangi tu, hayana magamba wala unene, na hayapakwi steroidi. LAD ilikuwa 3.7, eneo la mwili 0.57, Z 7.2. Warfarini ilisimamishwa, klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, ikaongezwa kwenye aspirini. Upenyo kupungua si ukuta kupona: sehemu iliyonywea huweza kuwa na ukuta mnene unaofinya miaka ya baadaye, hivyo eko zitaendelea, na akifikia umri wa kukimbia kwenye mashine atapimwa moyo ukiwa kazini. Fomu yake ya eko sasa ina nafasi nne juu kabisa: uzito, urefu, eneo la mwili, fomula. Chini yake kuna mstari mmoja wa ngozi, unaojazwa na mtu yuleyule anayemvua shati kabla ya kipimo.